Muhula wa Watu wa El Salvador

Siku ya 17 Machi, mwaka 1980, Jimmy Carter, Rais wa Marekani, alitia sahihi sheria ya wakimbizi ambayo wengi waliisifu kuwa imeliondolea taifa lake aibu ya kupima huruma kwa mizani ya siasa. Kwa maana ilisema ya kwamba mkimbizi ni mtu yeyote mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya kabila lake, dini yake, uraia wake, kundi la watu alimo, au rai yake ya siasa, pasipo kuuliza kama dhalimu anayemkimbia ni rafiki wa Washington au ni hasimu wake. Siku saba baadaye, wakati wa jioni, katika kanisa dogo la hospitali ya Divina Providencia mjini San Salvador, Askofu Mkuu Óscar Romero alipigwa risasi ya kifua naye yu madhabahuni anaendesha misa. Mwezi uliotangulia alikuwa amemwandikia Carter huyo huyo waraka, akimsihi asiipelekee serikali ya El Salvador msaada wa vita. Na jana ya kifo chake, katika hotuba iliyosikiwa na nchi nzima kwa redio, aliwaamrisha askari waache kuwaua ndugu zao. Sheria ile na mauaji yale yalitokea katika juma moja, na historia ninayotaka kuisimulia ni ya miaka kumi iliyofuata, ambayo watu waliokimbia nchi ya Romero waliipitisha wakibisha mlangoni pa sheria ya Carter nayo isiwafungukie, mpaka ikabidi itungwe nyingine.

El Salvador ni dola ndogo kuliko zote za bara la Amerika, ukiacha visiwa, eneo lake likiwa kiasi cha kilomita 21,000 za mraba tu, na ardhi yake njema, ile ya miteremko ya milima ya volkeno ambako kahawa hustawi, ilikuwa tangu karne ya 19 mikononi mwa matajiri wachache waliojulikana kwa jina la familia 14, ijapokuwa hesabu hiyo ilikuwa ya mdomoni zaidi kuliko ya daftarini. Wakulima walipoasi mwaka 1932 jeshi liliwaua kwa maelfu, na tangu hapo majemadari waliitawala nchi, mmoja akimpokea mwingine, hata Oktoba 1979, maafisa vijana walipopindua serikali kwa ahadi ya kugawa ardhi na kukomesha dhulma. Ahadi zile hazikudumu. Wenye silaha wasiovaa sare walikuwa wakiwachukua watu majumbani mwao usiku, na mchana maiti zao zikaonekana kando ya barabara. Mwezi Oktoba 1980 makundi ya waasi yakaungana kwa jina la FMLN, vita vikawa vita kamili. Na Desemba 1981 kikosi cha Atlacatl, ambacho askari wake walifundishwa na Wamarekani, kiliingia katika kijiji cha El Mozote, mkoani Morazán, kikawaua watu kwa mamia, wengi wao watoto wadogo. Kabla ya vita hivyo kwisha watu wapatao 75,000 walikuwa wamekufa. Aliyeweza kukimbia alikimbia: wa karibu na mpaka walivuka hadi kambi za Honduras, na wengine, kwa mamia ya maelfu, walipita Guatemala na Mexico hata wakaufikia mpaka wa Marekani, nchi ambayo silaha zilizowafukuza zilitoka huko.

Wengine hawakufika. Julai 1980 kundi moja la Wasalvadori, wake kwa waume, waliachwa na wale waliolipwa kuwavusha katikati ya jangwa la Sonora, kusini ya Arizona, pasipo maji, na 13 miongoni mwao wakafa kwa kiu. Habari zao zilizisumbua nyoyo za watu wa Tucson, mji ulio karibu, ambao makanisa yake ndiyo yaliyowapokea na kuwatunza waliosalimika. Lakini yaliyowangoja walio hai katika ofisi za Idara ya Uhamiaji hayakuwa mepesi pia. Aghalabu mtu aliyekamatwa aliwekewa mbele yake karatasi ya kukiri kwamba anaondoka kwa hiari yake, naye, ama kwa kutojua kusoma Kiingereza, ama kwa kutishwa, ama kwa kufichwa kuwa anayo haki ya kuomba hifadhi, aliitia sahihi, na baada ya siku chache akajiona yumo ndani ya ndege ya kurudi San Salvador. Mwaka 1982 hakimu wa shirikisho mjini Los Angeles alilisikiliza shauri hilo, akaona ya kuwa watu walikuwa wakishurutishwa, akaiamuru Idara iache mwenendo huo na iwajulishe wafungwa haki zao.

Walakini haki ya kuomba siyo haki ya kupewa. Kila ombi la hifadhi lilipelekwa kwanza Wizara ya Mambo ya Nje ili itoe rai yake, na Wizara hiyo ndiyo iliyokuwa ikipigania fedha za jeshi la El Salvador mbele ya Kongresi. Basi maombi ya Wasalvadori yaliyokubaliwa katika mwaka 1984 hayakufika 3 katika kila 100, ilhali Wairani, ambao serikali yao ilikuwa adui, walikubaliwa kwa wingi. Wapo waliosema kuwa ile ni chuki tu ya maafisa wadogo, nami siamini hivyo. Kumpa mtu hifadhi ni kutoa ushahidi juu ya nchi aliyoikimbia. Serikali ya Rais Ronald Reagan, ambayo kila miezi sita ilitakiwa kuithibitishia Kongresi kwamba San Salvador inapiga hatua katika kuzilinda haki za binadamu ili fedha za vita zisikatwe, isingeweza kuthibitisha hivyo asubuhi na jioni ikawapokea maelfu ya mashahidi wa kinyume chake. Kwa ajili hiyo ilishikilia ya kwamba watu hawa wametoka kwao kutafuta kazi, na kwamba njaa si dhulma. Hoja hiyo haikuwa uwongo mtupu, kwa sababu nchi iliyo vitani haina kazi, na anayekimbia bunduki hutafuta chakula pia. Kasoro yake ni kwamba ilitaka sababu moja katika maisha ya watu waliokuwa na sababu mbili.

Tena serikali ilikuwa na njia nyingine mkononi, isiyohitaji kumchunguza mtu mmoja mmoja. Kwa desturi ya miaka mingi Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliweza kutangaza kwamba watu wa nchi fulani yenye machafuko hawatarudishwa kwao kwa muda, na wafanye kazi mpaka hali itengenee. Waliopata fadhila hiyo ni watu wa Uganda katika enzi za Idi Amin, Wahabeshi waliotoroka mapinduzi yao, Waafghani, na Wapolandi baada ya jeshi kushika madaraka kwao Desemba 1981. Hawa wote walipewa kwa kalamu ya mkuu mmoja, bila kura ya mtu. Wasalvadori walipoombewa jambo lilo hilo, jibu lilikuwa hapana, na likabaki hapana miaka yote ya Reagan.

Hapo ndipo watu wa dini walipoingia katika mambo haya. Jim Corbett, mfugaji wa Arizona na mfuasi wa dhehebu la Marafiki, ambalo magharibi ya Kenya lina waumini wengi kuliko huko kwao Amerika, alianza kuwavusha wakimbizi mpakani yeye mwenyewe. Na tarehe 24 Machi 1982, siku ambayo Romero alitimiza miaka miwili tangu kuuawa, mchungaji John Fife wa kanisa la Kipresbiteri la Southside, Tucson, alitangaza hadharani kwamba kanisa lake limekuwa kimbilio, na serikali ikitaka na ije. Makanisa na masinagogi mamia yakafuata. Serikali ilituma wapelelezi waliojifanya waumini, wakakaa katika mafunzo ya Biblia na vinasa sauti wamevificha mwilini, na mwaka 1985 ikawashitaki watu 16, miongoni mwao mapadri na watawa. Wanane walitiwa hatiani Mei 1986, lakini hakuna aliyekwenda jela. Shauri lile liliwafunza Wamarekani jiografia ya El Salvador kuliko hotuba zote za waziri wao wa mambo ya nje.

Mtu ambaye jina lake lilifungamana na sheria yenyewe hakutoka Arizona, wala hakuwa mtu wa mimbari. John Joseph Moakley, aliyejulikana kwa jina la Joe, alizaliwa 1927 katika South Boston, mtaa wa Waairishi wafanya kazi, akajiunga na jeshi la majini katika Vita Kuu ya Pili kwa kuongopa umri wake, na tangu 1973 alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, mwenye kushughulika na nyumba, barabara na vyeo vya posta vya watu wake. Mambo ya ng'ambo hayakumhusu. Alikuwa na mzaha ya kwamba kwake yeye safari ya nchi za nje ni kwenda East Boston kula chakula cha Kitaliano. Mwaka 1983 baadhi ya wapiga kura wake wa Jamaica Plain walimjia, wakamweleza kwamba majirani zao Wasalvadori wanakamatwa na kurudishwa mautini. Mwanasiasa mwingine angewasikiliza, akawapa chai, akawasahau. Moakley alimwagiza msaidizi wake kijana, Jim McGovern, ayachunguze maneno yale, na alipoona kuwa ni kweli aliandika mswada. Katika Seneti mwenziwe alikuwa Dennis DeConcini wa Arizona, na kwa hiyo mswada ukaitwa kwa majina yao wawili.

Ulikuwa mswada mpole sana, na upole wake ulikuwa wa makusudi. Haukumpa Msalvadori uraia, wala ukazi wa daima, wala haukumwita mkimbizi. Ulitaka tu kufukuzwa kwao kusimamishwe kwa muda, na katika muda huo ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ichunguze yanayowapata wanaorudishwa, iandike taarifa, wajumbe waisome, kisha waamue. Elliott Abrams wa Wizara ya Mambo ya Nje alijibu kwamba hakuna hujja ya kuonyesha kuwa waliorudishwa wanadhuriwa, na Seneta Alan Simpson wa Wyoming, mtu mwerevu mwenye ulimi mkali aliyekuwa amebeba mzigo wa sheria za uhamiaji kuliko wote katika Seneti, alisema ya kwamba ukimwambia mtu akae kwa muda hataondoka tena, na kila nchi yenye matata itaona njia imefunguliwa. Wala Simpson hakuwa mtu wa kudharauliwa, kwa kuwa katika nusu moja ya unabii wake hakukosea.

Mwaka baada ya mwaka mswada ulirudi. Mwaka 1986 Kongresi ilipitisha sheria kubwa ya uhamiaji iliyowahalalisha mamilioni ya watu waliokuwamo nchini tangu kabla ya 1 Januari 1982, na ambayo kwa mara ya kwanza iliwatoza faini waajiri wa wasio na vibali. Maneno ya Moakley, yaliyokuwamo katika nakala ya Baraza la Wawakilishi, yaliondolewa katika mapatano na Seneti. Wasalvadori wengi walikuwa wamekuja baada ya tarehe ile, kwa hiyo walipata ukali wa sheria pasipo msamaha wake. Mwaka 1987 Baraza liliupitisha mswada peke yake, safari hii umewaingiza Wanikaragua pia ili kuwalainisha wahafidhina ambao waliwapenda wanaoikimbia serikali ya Wasandinista, lakini ukafia katika Seneti.

Katika mwaka huo huo palitokea jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote katika habari hizi. José Napoleón Duarte, Rais wa El Salvador, rafiki na tegemeo la Reagan, ambaye kwa ajili ya heshima ya serikali yake Wasalvadori walikuwa wakinyimwa hifadhi, alimwandikia Reagan mwezi Aprili akimwomba asiwarudishe. Hakusema kwamba watauawa. Alisema kuwa nchi yake, iliyochoshwa na vita na kubomolewa na tetemeko la ardhi la Oktoba 1986, inaishi kwa fedha wanazotuma wale walioko Marekani, fedha zilizohesabiwa kwa mamia ya milioni ya dola kila mwaka, na kwamba kuwarejesha kwa wingi kutauporomosha uchumi na kuwapa waasi nguvu. Basi serikali iliyoambiwa na mahasimu wake iwahifadhi watu hawa kwa rehema ilikuwa sasa inaambiwa na mwenzi wake iwahifadhi kwa maslahi. Ilimkatalia na yeye.

Msomi aliyezijua habari za fedha zile kuliko wote alikuwa padri. Segundo Montes, Mjesuiti mzaliwa wa Hispania na mkuu wa taasisi ya haki za binadamu katika Chuo Kikuu cha UCA, San Salvador, aliwafuata wahamiaji hata katika miji ya Marekani, akawahesabu, akawauliza walichokimbia na wanachotuma, na utafiti wake ulikuwa silaha ya waliotetea mswada huko Washington. Usiku wa kuamkia 16 Novemba 1989 askari wa kikosi kile kile cha Atlacatl waliingia chuoni, wakamwua Montes, na Ignacio Ellacuría mkuu wa chuo, na wenzao wanne. Wakawaua na mpishi wao, Elba Ramos, na binti yake Celina, ili wasibaki wa kusema. Spika Thomas Foley alimteua Moakley aongoze tume ya kuchunguza mauaji hayo. Mtu wa South Boston ambaye hakujua Kihispania alikwenda San Salvador, akawauliza makanali maswali ya mpelelezi wa mtaani, asiridhike na majibu, na taarifa aliyoitoa Aprili 1990 ilionyesha kwamba uchunguzi wa serikali ile umekwama na kwamba jeshi lenyewe ndilo lililo kikwazo. Mwezi Oktoba Kongresi ilizuia nusu ya msaada wa vita.

Ila mambo ya bunge hayamalizwi kwa machozi, na Moakley alilijua hilo. Katikati ya 1989 alikuwa amekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni, na kamati hiyo ndiyo bawabu wa Baraza la Wawakilishi: hakuna mswada mkubwa ufikao mbele ya wajumbe mpaka ipange siku yake, saa zake za mjadala, na masahihisho yatakayoruhusiwa. Mwaka 1990 Simpson na Seneta Edward Kennedy walikuwa na mswada wao mkubwa wa kuongeza idadi ya wahamiaji wa halali, kazi ya miaka mingi, nao ulihitaji kupita mlangoni kwa Moakley. Moakley alisema kwamba pasipo Wasalvadori hautapita. Siku za mwisho za Oktoba, wajumbe wakihangaika kurudi majimboni kwa uchaguzi, palikuwa na mabishano hata ya leseni za udereva, ambazo Simpson alitaka zijaribiwe kama kitambulisho cha kazi na wajumbe wenye asili ya Kihispania wakazikataa mpaka zikatupwa. Mwishowe Simpson alikubali muhula wa miezi 18, na Rais George Bush akaitia sheria sahihi tarehe 29 Novemba 1990.

Ndani yake mlikuwa na mambo mawili. La kwanza lilimpa Mwanasheria Mkuu uwezo wa kuitaja nchi yoyote yenye vita, maafa ya maumbile au hali nyingine isiyo ya kawaida, na watu wake waliokwisha kuwamo Marekani wasirudishwe na wapewe vibali vya kazi; na kwa kuwa Simpson hakulala, iliandikwa pia ya kwamba Seneti isijadili kuwageuza watu hao wakazi wa daima ila kwa kura za tatu katika kila tano. La pili liliitaja El Salvador kwa jina lake, bila kungoja ridhaa ya Mwanasheria Mkuu: aliyekuwamo nchini kufikia 19 Septemba 1990 alikuwa na amani kuanzia 1 Januari 1991 hadi 30 Juni 1992.

Amani hiyo iliwafikia watu kwa shida. Ilimpasa mtu ajiandikishe, alipe ada kubwa kuliko walizotozwa wa nchi nyingine, arudi kila miezi sita kuhuisha kibali, na juu ya yote aipe jina lake na anwani yake Idara ile ile iliyokuwa ikimwinda. Miezi ya kwanza ofisi zilikuwa tupu. Mawakili na mapadri walipita nyumba kwa nyumba katika Los Angeles, Houston na vitongoji vya Washington wakiwashawishi watu, muda wa kujiandikisha ukasogezwa hadi 31 Oktoba 1991, na hatimaye wakajiandikisha kiasi cha 187,000. Katika Januari ya mwaka huo serikali ilikuwa imepatana na makanisa yaliyoishitaki tangu 1985, ikakubali kuyasikiliza upya maombi ya hifadhi ya Wasalvadori na Waguatemala iliyokuwa imeyakataa.

Sehemu ile ya kwanza ya sheria ilikuja kuwafaa watu wa kwetu Afrika Mashariki: Somalia ilitajwa Septemba 1991, Rwanda 1994, Burundi 1997. Na El Salvador yenyewe ilitajwa tena Machi 2001, baada ya matetemeko mawili ya ardhi, miezi miwili na ushei kabla ya Moakley kufa. Muhula huo wa pili, baada ya kuongezwa mara nyingi, kutangazwa mwaka 2018 kuwa utakoma, na kupiganiwa mahakamani, ulikuwa haujakwisha robo ya karne ilipokaribia kutimia. Hiyo ndiyo nusu ya unabii wa Simpson niliyoitaja.

Tukirudi kwa watu wa 1991, vita vyao vilikwisha kwa mapatano ya Chapultepec, Mexico, tarehe 16 Januari 1992, na muhula wao ulikuwa ukome Juni. Aliyeomba uongezwe ni Rais wa El Salvador, Alfredo Cristiani wa chama cha ARENA, chama ambacho mwasisi wake, Roberto D'Aubuisson, alitajwa mwaka uliofuata na Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa kuwa ndiye aliyeamuru Romero auawe. Bush alimkubalia, naye Bill Clinton akaongeza tena hadi Desemba 1994. Kisha, Novemba 1997, Kongresi ilipitisha sheria iliyowafungulia Wasalvadori njia ya kuomba ukazi wa daima. Iliwahusu waliokuwa wameingia kabla ya 19 Septemba 1990 kupita, na ambao majina yao yalikuwamo katika madaftari ya Idara kufikia 31 Oktoba 1991. Na aliyekuwa ameogopa kujiandikisha, asiwe na ombi la zamani la hifadhi, hakuwa na karatasi ya kuonyesha.